Siku Niliyomwacha Huru Bibi Yangu

Juzi gulioni mama mmoja alifunua sufuria ya ming'oko mbele yangu, na mvuke wake ukanipiga puani kabla sijajiandaa. Mliokulia kusini mnaijua harufu ile ya mizizi ya porini iliyochemshwa na maganda yake, udongo kidogo, utamu kidogo. Nilinunua fungu moja, nikaketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikashindwa kumenya hata mmoja. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, nimekaa barabarani nalia juu ya chakula cha porini. Yule mama alidhani ming'oko haijaiva, akataka kunibadilishia.

Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba niliwahi kumwacha huru bibi yangu mzaa mama, kwa sauti kubwa, mbele ya wageni, nikiwa bado sijavunja ungo, na kwamba mpaka leo sijajisamehe? Angedhani nimechanganyikiwa. Ninyi wa rika langu huenda mkanivumilia, kwa sababu nanyi mna yenu mliyoyafanya utotoni mkidhani mnatenda wema.

Bibi yangu aliitwa Somoe, na kijijini kwetu, upande wa Mbekenyera, hakuna aliyemshinda kuchimba ming'oko. Nilikuwa nakaa naye kwa sababu baba alikuwa amemchukua mama wakaenda Nachingwea, kwenye karanga. Wazungu walikuwa wamekuja na matrekta kufyeka pori lote lile ili walime karanga, na watu walikwenda huko kwa makundi kutafuta kazi. Mimi niliachwa ili nisome. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mama mdogo Fatu, kitinda mimba wa Bibi, msichana mrefu mwenye kicheko cha karibu, aliyekwisha kuchezwa unyago na sasa anangoja mume.

Mtu wa nne, ingawa hakulala kwetu, alikuwa Mjomba Chilumba. Kwetu mtu huhesabiwa kwa mama yake. Baba anapendwa na anaheshimiwa, lakini mwenye neno ni mjomba. Msichana akiolewa, mjomba ndiye husema ndiyo. Mtu akifa, mjomba au kaka ndiye husimama. Mjomba Chilumba alikuwa mkubwa wa ukoo wake, mtu wa maneno machache na vidole virefu, na mama na mama mdogo Fatu walimwita mjomba tangu walipojua kusema. Nami nikamwita hivyohivyo, kama nyumba nzima.

Lakini kulikuwa na mambo niliyoyaona, na mtoto akianza kuona hazuiliki. Kila mavuno Bibi alijitwika kapu la kwanza la ufuta, akalipeleka kwa Mjomba Chilumba. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya mihogo, lakini yeye alipita katikati ya kijiji, mchana kweupe, akisalimia kila mlango. Akifika kwa Mjomba, mkeka upo, anauacha, anakaa chini kwenye vumbi. Iliniuma. Nilimwona bibi yangu, mwenye mvi, amekaa vumbini mbele ya mwanaume aliyekaa kitini, nikawa nachora chini kwa kidole gumba cha mguu ili nisitazame.

Halafu siku moja kuku wetu waliingia kwenye mtama wa mke wa Mjomba. Mama yule alikuwa na ulimi. Alisimama kwenye ua wake akapiga kelele, "Nitasema nini mimi! Mtu kaletwa na mnyororo, hata kuku wake hawana adabu!"

Bibi aliwaswaga kuku wake, akarudi nyumbani. Mimi nililibeba neno lile, mnyororo, nisijue la kulifanyia.

Baba ndiye aliyenifungulia bila kujua. Alikuja likizo kutoka Nachingwea, akawa anatusimulia jinsi Wazungu wanavyofyeka pori: matrekta mawili makubwa yanakwenda sambamba, katikati yake umefungwa mnyororo mnene kuliko paja la mtu, unaburuzwa, na miti yote inalala chini. Bibi alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mnyororo wa kufungia nini?" aliuliza.

"Miti, mama."

"Miti tu?"

"Miti tu, mama. Watu gani watafungwa siku hizi?"

Bibi akaendelea kupepeta, lakini pumba zilimwangukia miguuni na hakuzitikisa.

Kesho yake tulikwenda porini kuchimba ming'oko, mimi naye, nikamwuliza hapohapo akiwa ameinama na jembe. Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu wao wa kike wake wenza, kwa utani, na yeye aliponiita hivyo nilijua atasema kweli.

"Mke mwenzangu, mimi sikuzaliwa hapa. Nililetwa na msafara, mdogo, sijang'oa jino. Walikuwa wanakwenda pwani. Watu wazima walifungwa mnyororo, sisi watoto tukitembea pembeni. Hapa mguu wangu ukaoza. Wakaniacha kwa mzee wa ukoo wa akina Chilumba wa wakati ule, akawapa vitambaa viwili. Basi." Akachimba. "Haya maneno ni ya hapa hapa porini. Nyumbani hayaingii. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Nilikuwa na nia ya kutii, nawaapia. Lakini tangu siku ile nilimwona Mjomba Chilumba kwa jicho jingine, na kila kapu la ufuta nililihesabu kuwa ni la mtumwa kwa bwana wake.

Mwalimu wetu wa shule alikuwa amepigana vita vya Wazungu huko Bama, bara la Asia, akarudi na kikohozi na kitabu kimoja kikubwa chenye picha. Alipenda habari za wakubwa wa vita. Hesabu zikituchosha, alikifungua kile kitabu. Siku moja alituonyesha picha ya mzee mrefu, mashavu yamebonyea, ana ndevu bila sharubu, akasema huyu alikuwa rais wa Marekani wakati nchi ile ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, kaskazini na kusini. Tuliposikia kusini tukachangamka. Tulidhani ni sisi.

"Mwanzoni," Mwalimu alisema, "huyu mzee hakusema anapigania watumwa. Alisema anapigania nchi yake isigawanyike. Watumwa wakibaki, wasibaki, yeye anataka nchi moja. Lakini watumwa wenyewe hawakungoja. Waliposikia mizinga walitoroka, wakaenda kambini kwa askari wake. Vita vikawa virefu. Mzee akatafakari, akabadili maneno yake, akaandika tangazo."

Akatusomea tangazo lile kwa Kiswahili chake, nasi tukaliandika kama imla: kwamba tangu siku ile watumwa wote wa majimbo yaliyoasi ni huru, sasa na milele.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Na majimbo yasiyoasi, Mwalimu?"

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Hao aliwaruka kwanza! Aliwaacha huru wale ambao mkono wake ulikuwa haujawafikia bado. Lakini sikilizeni. Baada ya maneno yale, askari wake hawakuweza tena kusema wanapigania mipaka tu. Kila walipofika, maneno yalifika nao. Watu weusi wakapewa bunduki, wakaingia vitani wenyewe. Msifikiri karatasi ilifanya kazi peke yake. Nyuma ya karatasi kulikuwa na jeshi."

Nusu hiyo ya mwisho ilinipita. Nimeielewa baadaye sana, nilipokuwa sina tena cha kuokoa. Mimi nilichukua ile ya mbele tu: mtu aliandika maneno, yakasomwa mbele za watu, na waliokuwa watumwa hawakuwa watumwa tena. Nikapiga hesabu zangu nikiwa narudi nyumbani na daftari kifuani. Tatizo la Bibi ni kwamba hakuna aliyemsomea. Wamarekani walisomewa, sisi huku Mbekenyera tulisahauliwa, na katika nyumba yetu yote anayejua kusoma ni mimi. Niliketi nyuma ya ghala, nikachonga penseli kwa meno, nikaandika upya tangazo la yule rais, nikatoa majimbo, nikatia jina la Bibi.

Wakati huo mama mdogo Fatu alikuwa ameshachumbiwa, bado maneno ya mwisho tu. Kijana alikuwa wa kijiji cha Chiola, dereva wa trekta kwenye karanga, rafiki wa baba. Nilimwona mara moja tu, alipomletea Fatu kanga na kusimama mbali akitabasamu hovyo. Fatu aliitoa kanga ile kila siku kuitazama, kisha akaikunja tena kwenye mikunjo yake ya dukani. Tatizo lilikuwa wazee wa kijana. Ukoo wao ulisifika kwa kuchagua. Hawakujali sana kama msichana ni mzuri au ana bidii, walijali anatoka kwa nani. Wakasema watakuja wenyewe, wamwone mjomba wake.

Walikuja wazee watatu, asubuhi baada ya jua kupanda. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye kanzu safi na sauti ya upole sana. Mikeka ilitandikwa uani. Bibi na Fatu walikuwa jikoni, na mimi nilipewa kazi ya kuwanawisha wageni mikono.

"Tumekuja kwa mjomba," msemaji alisema.

"Mjomba ni mimi," Mjomba Chilumba alijibu.

"Mama wa binti ni nani kwako?"

"Ni dada yangu."

"Basi tumefika."

Walizungumza kwa raha. Walitaja koo zao na koo zetu, nani alimwoa nani, nani amezikwa wapi. Niliona msemaji akitikisa kichwa kwa kuridhika. Yalipokwisha, wakingoja chakula, Mjomba Chilumba alinitazama na birika langu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anajivuna.

"Na huyu mnayemwona hapa, ni mjukuu wa dada yangu. Anasoma. Bi mdogo, leta daftari, wasomee wageni kitu wasikie."

Nani angekataa? Nilidhani Mungu mwenyewe amenifungulia mlango. Nilikimbia ndani, nikarudi, nikasimama wima kama Mwalimu alivyotufundisha, nikasoma bila kukwama: kwamba Bibi Somoe, aliyeletwa na msafara, akanunuliwa na ukoo wa akina Chilumba kwa vitambaa viwili, kuanzia leo si mtumwa wa mtu yeyote, ni huru, sasa na milele.

Nikafunga daftari. Nilingoja wafurahi.

Bibi alikuwa ametoka jikoni na sinia la wali na kuku. Alisimama nalo palepale. Wale wazee wawili walitazama mkeka. Msemaji peke yake ndiye aliyenigeukia, na sauti yake ilikuwa ileile ya upole.

"Mtoto anasoma vizuri sana, Che Chilumba."

"Ndiyo," Mjomba alisema. "Anasoma."

Walikula, matonge mawili matatu, kwa adabu. Wakanawa. Wakasema wanakwenda kuwasikiliza wenzao nyumbani, na jibu litaletwa. Wakaaga kila mtu, hata mimi. Mama mdogo Fatu alikuwa mlangoni na ile kanga mpya kiunoni, na alipoona wazee wanaondoka bila kumwita awasalimie, alirudi ndani. Jibu halikuletwa mpaka leo.

Mjomba Chilumba alibaki mkekani. "Dada," alimwambia Bibi, "nimeshindwa kujibu. Ningesema ni upuuzi wa mtoto. Ulimi ukagoma."

"Ungejibu vipi? Lote alilosema ni kweli."

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Mjomba alipoondoka aliniita, akanikalisha karibu naye, akaniomba daftari. Hakujua kusoma. Aliutazama ukurasa ule kichwa chini miguu juu, akanirudishia.

"Mke mwenzangu, mimi niko huru tangu mama yako hajatambaa," alisema. "Mwingereza alipokaa alitangaza. Chilumba alikuwa ndiyo kwanza amerithi ukubwa. Akaniita, akasema, Somoe, serikali imesema hakuna tena mtumwa, nenda unakotaka. Nikamwuliza, niende wapi? Kwetu sipajui. Hata jina la kwetu lilinipotea njiani. Watoto wangu watamwita nani mjomba? Nikamshika miguu. Nikamwambia, usiniache huru, niite dada. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akaja hapa mlangoni, majirani wanasikia, akaniita dada."

"Na ufuta?" niliuliza.

"Ufuta ni wa kaka. Nilipita katikati ya kijiji ili waone dada anampelekea kaka yake."

"Na kukaa chini?"

"Dada hukaa chini mbele ya kaka. Yule dada yake wa tumbo moja, hukumwona? Naye hukaa chini."

Sikuwahi kumtazama. Macho yangu yote yalikuwa kwa Bibi.

"Waliojua walikuwa wengi," aliendelea. "Nimekaa hapa nawangoja wafe. Nilimwogopa mkewe tu, na yeye hulisema akikasirika, kisha watu wanasema ni ulimi wake. Walikuwa wamebaki wanne. Sasa wanajua wote."

Nimewaza sana juu ya yule mzee wa kwenye picha. Maneno yake yaliwakuta watu waliokuwa na pa kukimbilia, kambi ya askari ilikuwa kule mbele na walikwenda kwa miguu yao wenyewe. Yalibadili vita kwa sababu vita vilikuwepo. Mimi nilikuwa na penseli na daftari la mistari, na mtu niliyemwacha huru hakuwa na pa kwenda ila alipokuwa. Miaka iliyofuata, watu walipoanza kulitamka neno uhuru mikutanoni na kulishangilia, nilishangilia nao kwa mikono tu. Sikumwambia mtu sababu.

Msimu ule wa ufuta Bibi alijaza kapu lake kama kawaida, akapita katikati ya kijiji. Alirudi nalo limejaa. Ukoo wa akina Chilumba ulikuwa umekutana, ukasema mkubwa wao amewadanganya watu wa Chiola na kuwaaibisha, na akipokea tena kapu lile kama kaka, watamtafuta mkubwa mwingine. Bibi alilitua kapu mlangoni na hatukumwona akila ufuta ule. Mama mdogo Fatu aliolewa baada ya masika mawili na mzee mwenye wake wawili, mtu asiyeuliza habari za mjomba, kwa sababu hakuna mwanaume mwingine aliyemtaka Fatu. Hakunitukana hata siku moja. Aliacha tu kuniita kwa jina langu, akawa ananiita msomi.

Bibi alikufa kwa kifua, mvua zikiwa zimeanza. Baba na mama walikuja kwa lori kutoka Nachingwea, ambako karanga zilikuwa zimeshawashinda Wazungu na matrekta yanaota kutu. Watu walikuja wa kutosha, siwezi kusema hawakuja. Wanawake walikaa ndani, wanaume uani. Mimi nilikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje.

Kwetu maiti ikishatolewa, kabla haijanyanyuliwa, shehe huuliza ndugu wa marehemu ni nani, ajitokeze amwombee radhi kwa watu. Hujibu kaka, au mjomba. Mkwe hawezi, na baba alikuwa mkwe. Shehe aliuliza, na wanaume wakatazamana.

Ndipo nilipomwona Mjomba Chilumba. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko, migongo ya watu wote imemgeukia, na hakuna aliyemwona ila mimi. Alikuwa amekuja peke yake, bila mtu hata mmoja wa ukoo wake. Nilielewa mara moja kwa nini hasogei. Baada ya yale niliyoyasoma, hakuweza kujitaja mwenyewe. Angesema "mimi", watu wangesikia bwana anayedai mtu wake. Ilibidi mmoja wetu wa nyumba ile amwite. Alinitazama, akainua kidevu kidogo, akangoja. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, mjomba, nililolitamka tangu nina meno mawili.

Shehe aliuliza mara ya pili. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitafungua tena mdomo wangu mbele ya watu wazima. Nikaufunga. Shehe akasema, "Basi, twendeni." Mjomba Chilumba aligeuka akarudi kwake, na bibi yangu akabebwa kwenda kuzikwa kama mtu asiye na ndugu.